Kidole Ubaoni

Darasa langu na la jirani yangu, madame anayefundisha mwaka wa tatu, yametenganishwa na ukuta wa mbao wenye mianya, kwa hiyo namjua zaidi kwa masikio kuliko kwa macho. Kila asubuhi huandika ubaoni sentensi sita za mambo ya kweli: muhogo unavyolowekwa, au mnyororo wa baiskeli ya toleka unavyozungusha gurudumu abiria akiwa amekaa nyuma. Kisha anauliza maswali, na anayejibu lazima aende ubaoni. "Unionyeshe na kidole. Iko wapi?" Mtoto akipatia, husikia maneno mawili tu: "Bien. Ukae." Jibu lisipokuwemo ubaoni, mtoto aseme, "Haisemi." Mimi niliona hilo ni jibu la wavivu.

Juzi alikuja darasani kwake inspekta na daftari lake la alama. Ubaoni palikuwa na habari ya treni ya Ubundu. Akamuuliza Djamila, binti wa dereva wa treni hiyo, safari inachukua saa ngapi.

"Haisemi, papa," akamjibu inspekta kwa heshima.

"Papa yako iko kwa treni, na haujue?"

"Niko najua. Lakini kwa tablo haisemi," akasema, akiuonyesha ubao.

Nikaweka chaki chini nikachungulia. Nilihofia jirani yangu angepewa alama mbaya. Yeye alikuwa akijifuta vidole kwenye kitenge chake, taratibu, kama siku zote. Inspekta akasogea ubaoni, akafuata mistari yote sita kwa kidole, midomo ikicheza. Kidole kikafika chini, cheupe kwa chaki.

"Ni kweli," akasema. "Haisemi."

"Bien," madame akamwambia. "Ukae."