Shemeji Aliyepeleka Mbuzi Kortini

Ukifika Kanja na utake kumjua mtu anayejua kila kitu, usiulize njia. Utamsikia kabla hujamwona. Anaitwa Njiru, ni kaka mkubwa wa bwanangu Mbogo, kwa hivyo mimi namwita shemeji, na kila nikiliita jina hilo ulimi unaniwasha.

Njiru alifanya kazi Nairobi wakati fulani, mlinzi wa lango kwenye jumba lenye ofisi za mawakili ghorofa ya juu. Huko ghorofa ya juu hakupanda hata siku moja. Lakini alirudi Kanja na koti, tai, na neno moja, "kisheria", na tangu hapo hatujapumua. Kuku wa mtu akimwaga unga, Njiru atakuja kukueleza kisheria. Mtoto akipigwa shuleni, kisheria. Watu wakamwita Wakili kwa kumcheka, yeye akaitika. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili letu lilikuwa linavaa tai.

Ningemcheka na mimi kama wengine, shida ni kwamba Mbogo alikuwa anamwamini. Bwanangu ni mtu wa maneno machache. Baba yao akiwa kitandani anakufa alimwambia amsikilize kaka yake, naye akasikiliza mpaka akapitiliza. Shamba la baba lilipoandikwa, hati ilitoka kwa jina la Njiru peke yake, ati tutagawana polepole. Mbogo akasema ni sawa. Nikamuuliza kama ana akili, akaniambia, "Mukami, huyo ni kaka yangu." Basi tukaendelea kulima kule chini karibu na mto, kahawa kidogo na nyasi za nepia za ng'ombe, kwenye shamba ambalo kwa karatasi si letu.

Halafu ikaja ile mvua ya Elinino, mwisho wa tisini na saba. Ikasomba udongo, ikasomba na mimea ya mpaka kati yetu na jirani yetu Nyaga. Mwaka ulipoanza, Nyaga akaanza kukata nepia yetu, akisema mpaka umehama. Kwani mpaka una miguu? Asubuhi moja Mbogo alikuwa huko chini na panga, anakatia ng'ombe nepia, Nyaga akamfuata wakaanza kuzozana, na Nyaga akaikamata panga ili amnyang'anye. Sasa niambie, mtu mwenye akili timamu anashika panga upande gani? Yeye aliishika kwa makali. Vidole vikakatika vibaya. Mbogo mwenyewe ndiye aliyevua shati akamfunga nalo. Kufika mchana polisi walikuwa kwetu, na Mbogo akaenda nao kifua wazi.

Niliwafuata na chakula na shati lingine. Nilimkuta seli, mshipi na viatu vimeshachukuliwa, amekaa kwenye simiti kama mtu anayengoja kuitwa. Askari mmoja wa makamo alinieleza vizuri, Mungu ambariki. Akasema, "Mama, kesho anapelekwa kortini Embu. Usiogope, kesho si siku ya kesi. Atasomewa mashtaka, ataulizwa kama ni kweli au si kweli. Hakuna shahidi, hakuna kubishana. Akikataa, kesi itapewa siku yake, na anaweza kuomba bondi, akangojee nyumbani. Akikubali, basi yamekwisha, anahukumiwa." Nikamuuliza mashtaka ni gani. Akasema kujeruhi mtu vibaya, na kwamba kifungo chake kinaweza kufika cha maisha.

Nilirudi Kanja nikamweleza Njiru, neno kwa neno. Alicheka. "Shemeji, hayo ni maneno ya askari. Mimi najua korti. Hakimu ni mzee kama wazee wengine. Wewe umeona kwa wazee, anayekubali mapema anapunguziwa. Anayekataa anawachosha, wanamwongezea. Kisheria, Mbogo akubali, aombe msamaha, wapatanishwe hapo hapo, turudi nyumbani tukale."

Nikamwambia kwa wazee hakuna jela. Akaniambia wanawake hawaelewi mambo ya sheria.

Asubuhi alikuja na tai yake, akafungua mbuzi wangu. Si mbuzi wake, wangu, yule jike niliyekuwa nangojea azae. Nilipomuuliza anampeleka wapi, akasema upatanisho hauwezi kufanyika kama mbuzi hayupo. Ningemvuta hiyo tai mpaka ulimi utoke. Lakini bwanangu yuko ndani, mimi ni mwanamke wa kuolewa, na niliogopa kwamba labda, labda tu, huyu mjinga anajua kitu ambacho mimi sijui. Hivyo ndivyo watu wa namna yake wanavyoishi, kwa hofu za watu wengine.

Tukaenda Embu nyuma ya pikapu ya mtu wa kabichi, mbuzi analia njia nzima. Njiru alimfunga kwenye ua wa korti. Askari wa langoni akamtazama mbuzi, akamtazama Njiru, akauliza, "Huyu ni kielelezo cha kesi gani?" Njiru akaanza kumweleza upatanisho. Askari akamsikiliza kwa subira, kisha akamwambia amtoe mbuzi hapo kabla hajaandikiwa mashtaka yake mwenyewe. Ikabidi amfunge ng'ambo ya barabara, kwa mwanamke mmoja wa ndizi. Mimi nikatazama pembeni isionekane tuko pamoja.

Lakini wakati anahangaika na kamba, tayari alikuwa ameshaharibu. Washtakiwa waliposhushwa kutoka kwa lori, alikuwa amejipenyeza akamwambia Mbogo kwa Kiembu, "Sema ni kweli, uombe msamaha. Usiongeze neno." Na Mbogo akaitikia kwa kichwa, kama alivyoitikia siku zote.

Ndani tulikaa kwenye mabenchi ya nyuma. Ukiona watu wanasimama, unasimama. Majina yanaitwa, mtu anapanda kizimbani, anasomewa, anajibu, anashuka, anaitwa mwingine, na nilishangaa vile maisha ya mtu yanaweza kuamuliwa upesi kuliko kuchemsha chai. Hakimu alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Hapo Njiru aliguna. Mzee aliyekuwa akimtegemea hakuwepo.

Mbogo akaitwa. Karani akamuuliza anataka kusomewa kwa lugha gani, akasema Kiembu. Akasomewa, kwamba alimjeruhi Nyaga vibaya, kinyume cha sheria. "Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli," akasema Mbogo. "Naomba msamaha."

Njiru alinisukuma na kiwiko, ameridhika.

Hakimu hakuandika mara moja. Alimuuliza kama anaelewa kwamba kosa hilo linaweza kumfunga maisha. Karani akamtafsiria. Nikamwona Mbogo anageuza kichwa kumtafuta kaka yake. Na huyu nyoka wa tai akatikisa kichwa, ndiyo, endelea. Mbogo akarudia, ni kweli.

Basi kiongozi wa mashtaka, inspekta mmoja mnene, akasimama kusoma maelezo ya namna kosa lilivyotendeka. Kwamba mshtakiwa alijificha ndani ya nepia. Kwamba alimvizia mlalamishi, akamrukia, akamkata akikusudia kumlemaza. Hakimu akauliza, "Umesikia maelezo. Hayo yote ni kweli?"

Mbogo akamtazama Njiru tena, na Njiru akatikisa kichwa tena, kwa nguvu hata tai ikacheza. Mimi nilisimama. Sikujua nitasema nini, nilisimama tu. Askari akanionyesha kwa mkono nikae, nikakaa. Lakini Mbogo alikuwa ameniona, na nafikiri nilikuwa nalia.

"Hapana," akasema. "Sikujificha. Nilikuwa nakatia ng'ombe wangu. Panga aliishika yeye mwenyewe. Vidole nilimfunga mimi, kwa shati langu."

Hakimu akasema kwamba huyo hajakubali kosa, na akaandika amekana.

Hapo Wakili akashindwa kujizuia. Alisimama katikati ya watu wote, akarekebisha koti. "Mheshimiwa, amechanganyikiwa. Yeye anakubali. Kisheria..."

"Wewe ni nani?" hakimu akauliza.

"Mimi ndiye kaka yake mkubwa. Mimi ndiye ninayemsemea."

"Hapa mshtakiwa anajisemea." Watu wakacheka kidogo. "Lakini ni vizuri umejitokeza. Mshtakiwa anaweza kutoka leo kwa bondi, akipata mdhamini mwenye hati ya shamba. Wewe una shamba?"

Njiru akaishika tai yake, akailegeza. Hati iko kwenye sanduku chini ya kitanda chake, Kanja nzima inajua. Kwa pikapu ni kwenda na kurudi, jioni Mbogo angelala nyumbani. Mwishowe akasema, "Mheshimiwa, shamba lina mambo ya familia. Hati siwezi... ni kitu cha kufikiriwa." Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto aliyekutwa kwenye sukari. Miaka ya Mbogo ya jela aliitoa bila kufikiria. Karatasi ndiyo iliyohitaji kufikiriwa.

Hakimu akamgeukia Mbogo. "Huyu ndugu yako hayuko tayari. Una ndugu mwingine?"

Mbogo hakumtazama Njiru safari hii. Akasema kwa Kiembu, polepole, na karani akatafsiri korti nzima ikasikia: "Mshtakiwa anasema hana ndugu. Ana bibi."

Nikasimama tena, na askari akaniacha. Hakimu akaniuliza kama nina hati. Nikasema sina. Mbogo akapelekwa rimandi, nami nikarudi Kanja peke yangu na mbuzi wangu, kwa sababu shemeji alikuwa ameshatoweka.

Mjomba wangu wa Runyenjes ndiye aliyemtoa baadaye, kwa hati ya shamba lake la chai. Mtu wa kwetu, si wa kwao. Kesi yenyewe ilikwenda mpaka Nyaga mwenyewe akakiri mbele ya hakimu kwamba shati lililomfunga vidole lilikuwa la Mbogo, na bwanangu akaachiliwa.

Lakini mimi nakumbuka jioni ile aliyotoka kwa bondi. Alikuwa amekonda, ameketi anakula polepole. Hata sahani haijaisha, Njiru akaingia bila hodi, na tai, akaanza pale pale mlangoni. Kisheria, kukana lilikuwa kosa. Kisheria, angemsikiliza yeye. Nikainuka nimfukuze, kijiko cha kukorogea uji kiko mkononi.

Mbogo akanizuia. Hakupandisha sauti, hajawahi.

"Mukami," akasema, "mpe mgeni chai. Anywe, aende kwao."

Njiru alimtazama akingoja acheke. Hakucheka. Nikamimina chai, nikaweka mbele yake. Na alikunywa, aibu hana, akaimaliza yote.