Kikombe cha Kapteni

Mwanangu, nasikia umepata kazi ya ulinzi Uarabuni, huko jangwani, chini ya ofisa Mzungu. Basi kaa kwenye tairi hilo unisikilize kwanza. Shule mimi niliishia darasa la tatu, lakini gereji hii ya Kisenyi ni yangu, na jangwa hilo nililijua kabla baba yako hajaota meno.

Nilikuwa dereva wa lori katika kikosi cha jangwani. Askari walikuwa Waarabu wa pale pale, waliozaliwa kwenye mahema yale yale waliyoyalinda. Kamanda wao alikuwa Mwingereza, tulimwita Kapteni. Mimi, Mnubi wa Kampala, walinichukua kwa sababu ya kujua injini. Kiarabu chetu cha Kinubi kiliwavunja mbavu.

"Ee Mnubi," Shawishi Salim, sajini wetu mzee, alikuwa akinitania, "Kiarabu hicho umekichomelea gereji gani?"

Sasa siku moja, watu wakigombania kisima, mtu mmoja akampiga askari wetu risasi ya mguu. Mpigaji akakimbilia hema la mzee mmoja, na mzee akamkaribisha. Mzee huyo alikuwa mjomba wa Shawishi. Nusu ya kikosi walikuwa jamaa zake. Nusu nyingine walikuwa jamaa za aliyejeruhiwa. Redioni makao makuu wakasema: mkamateni leo.

Mimi mjukuu wa askari nilijua amri ni amri. Tunaingia, tunamburuta, basi. Lakini kule ukimburuta mgeni wa mtu kutoka hemani mwake, ukoo wa mwenye hema wote utakufyatulia risasi. Niliwaona wenzangu wakitazamana, vidole kwenye bunduki, na sikujua lori langu limebeba kikosi kimoja au viwili.

Kapteni akavua mkanda wa bastola, akanipa niushike. Akaingia hemani na Shawishi, nami nikafuata kama bwege. Kahawa ikamiminwa. Kapteni akapokea kikombe, akakiweka chini. Hakunywa. Nikafikiri kahawa ni ya moto mno kwake.

"Afande, nikupozee?" Nikanyoosha mkono.

Shawishi akanidaka kifundo cha mkono. "Acha, we mbumbumbu! Hicho kikombe kinaongea."

Ndipo aliponinong'oneza desturi yao: mgeni mwenye haja hanywi kahawa ya mwenyeji mpaka haja ikubaliwe, na kumwacha aondoke hajanywa ni aibu ya ukoo. Mzee akakitazama kile kikombe weee, mwisho akasema, "Kunywa. Haja yako nimeikubali."

Kapteni akanywa, ndipo akasema anachotaka. Hakumtaka yule mtu mikononi mwake. Alitaka mzee mwenyewe ampeleke kwa kadhi, akiwa mgeni wake njia nzima. Asubuhi yake wakaenda, bega kwa bega. Hakuna risasi hata moja.

Nikadhani tumeshinda. Loo! Makao makuu wakamwondoa Kapteni kwa kutotii amri. Kichwa changu kikavurugika: aliyekiokoa kikosi ndiye anayefukuzwa?

Siku ya kuondoka, Shawishi alimmiminia kahawa. Kapteni akakiweka kikombe chini tena. Wote tulijua haja yake: wamtii ofisa mpya anayeletwa mahali pake kama walivyomtii yeye. Shawishi alimpenda yule Mzungu, wallahi. Lakini alikaa kimya, macho mchangani, mpaka kahawa ikapoa. Kapteni akasimama, akapanda lori langu hajanywa.

Je, Shawishi alimheshimu au alimwaibisha? Nikiwa chini ya gari nafunga boliti, nasema alimheshimu, akakubali aibu mwenyewe kuliko kumdanganya kwa ahadi asiyoiweza. Nikitoka, sina uhakika tena.

Lakini hili nalijua, nalo ndilo nakupa. Ukifika huko, kabla hujajifunza bunduki yao, jifunze nani ni mgeni wa nani. Ukipewa amri, uliza itavunja nyumba ya nani. Na mtu unayempenda akikuomba usichokiweza, mwache, kahawa ipoe. Usimwambie "Kunywa."

Haya, nenda. Mwenyezi Mungu akufungulie kila hema utakalobishia hodi, akurudishe Kisenyi na miguu yako yote miwili, mama yako akupokee akicheka.