Sauti Nilizozifuta

Mie nimemmisi mtu nisiyeijua sura yake. Cheka tu, hata mama mwenye nyumba wangu wa Mabibo alicheka.

Nilikuwa natafiti magrupu ya siri mtandaoni, yale ambamo mawakala wanatafuta wasichana wa kupeleka Uarabuni kufanya kazi za ndani. Humo nikampata dada mmoja. Alikwenda, akarudi, kisha akawa anawatafutia mawakala wasichana wengine, mpaka roho ikamsuta akaacha. Tulikubaliana nisijue jina lake wala anakokaa, tutumiane sauti tu. Kila akirekodi alianza kwa kuniuliza, "Mdogo wangu, umekula?" Mtu mzima na elimu yangu yote, nilikuwa nasubiri swali hilo kuliko utafiti wenyewe.

Kilichoniponza ni adhana. Siku moja alirekodi akiwa nje, nyuma yake muadhini akasikika, sauti ya mkwaruzo, anakohoa kabla ya kumalizia. Sie tuliokulia Manzese, nani asiyemjua yule mzee? Basi nikajua anakaa mtaa gani. Sikutaka kujua, lakini ndiyo nimeshajua, nifanyeje?

Wiki hiyohiyo mtafiti mwenzetu aliitwa polisi ataje watu waliompa habari. Msimamizi wangu akanikumbusha kwamba sie watafiti hatuna kinga ya kisheria. Siku mahakama ikiamuru, simu inachukuliwa na kila kilichomo. Yule dada tulimwahidi sauti zitafutwa zikishaandikwa, basi nizifute leo, na akaunti niifunge.

"Ukiulizwa unamjua," akasema, "uweze kujibu hapana bila kudanganya."

La muadhini sikumwambia. Nilizifuta zote, nikalia kama mtoto, wallahi.

Juzi nimeenda Manzese kwa shangazi. Jirani na msikiti wa yule mzee nikasimama kwenye genge kununua nyanya. Muuzaji alikuwa ameinama, anamwambia mtoto wake amalize uji. Ni yeye, sauti ileile.

Nilitamani nimwambie nimekula, dada, na wewe je? Lakini nikifungua mdomo atanitambua, na akijua anapatikana hatalala tena kwa hofu. Aliponiuliza fungu lipi, nikanyoosha kidole. Akauliza kama ni hilo, nikaitikia kwa kichwa.

Akanitazama kwa huruma, akaniongezea nyanya mbili. Kisha akamgeukia mtoto wake na kumnong'oneza, "Bubu huyu, maskini."