Ngozi Mbichi Kwenye Springi za Pikapu

Wiki iliyopita nilikwenda Singida mjini kwa mjukuu wangu mkubwa, kijana anayeanza kuota ndevu, nikamkuta kalala uvunguni mwa gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Akaniamkia huko huko chini: "Shikamoo bibi!" Nikamjibu marahaba, ila toka kwanza niuone uso. Akatoka kapakaa grisi, akaniambia anarekebisha springi ili gari likichomoka lisirukeruke, maana Jumapili wanashindana na wenzake. Kisha akanionea huruma: "Mambo haya bibi huwezi kuyaelewa." Nilicheka mpaka kilemba kikadondoka. Shule niliishia darasa la nne, sikatai. Lakini springi nazijua. Nimezipepea kwa ungo kwa mikono yangu hii.

Kwetu ni Sepuka. Wewe uliyeishi zama zile unakumbuka ruksa ya biashara ilipotoka. Jana yake tulikuwa tunafulia majivu, kesho yake duka limejaa sabuni za rangi, khanga zinanukia upya, na mitumba yenye harufu ya dawa. Magari nayo yakaanza kuja kwa watu wa kawaida. Baba aliuza karibu zizi zima, akarudi na pikapu kuukuu ya kijani ya kubebea alizeti na watu wa mnadani. Ng'ombe wa maana akabaki mmoja tu, mwekundu mwenye baka jeupe tumboni. Huyo ndiye aliyekuwa anatuweka mjini, kama wasemavyo vijana. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa bado anatambaa, mama maziwa yalishamkauka, na mtoto yule aliishi kwa maziwa ya ng'ombe yule.

Basi jirani yetu naye akanunua pikapu, nyeupe, inang'aa. Wakawa wanatambiana kilabuni kila jioni kwenye pombe ya mtama. Siku moja jirani akamwambia baba mbele za watu: "Lako likiondoka linaruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto. Wewe chunga tu, gari tuachie sisi." Damu ikampanda baba. Palepale wakapatana kushindana mbugani siku ya mnada, waanze wamesimama, mpaka kwenye mti mmoja wa mgunga uliokuwa kule mbele. Jirani akaweka dau dume lake la ng'ombe. Baba akaweka ng'ombe wetu wa maziwa.

Mama alipoambiwa hakupiga kelele. Aliweka mwiko chini, akamtazama baba toka unyayo mpaka utosi, akasema, "Ukishindwa, mtoto utamnyonyesha wewe." Akaendelea kusonga ugali.

Baba akamleta fundi kutoka Itigi, bwana mmoja mwembamba aliyekuwa akiimba huku anafungua nati. Alilitazama gari likiondoka mara moja tu, akacheka. Alitueleza hata sisi watoto tukaelewa: zile springi za nyuma ni vyuma bapa vimelaliana, na ukiachia klachi kwa nguvu, ekseli inataka kujiviringisha, vyuma vinajikunja, tairi zinaruka badala ya kung'ata ardhi. Dawa ni kuvibana vile vyuma upande wa mbele wa ekseli, na kuviacha huru upande wa nyuma. Shokapu za mbele zilikuwa zimekufa. Akasema ziacheni zife, pua ikinyanyuka uzito utakwenda nyuma kwenye tairi za kusukuma. Akazipunguza upepo kidogo tairi hizo. Tatizo likawa vibanio vya chuma. Havikuwapo.

Bibi yangu alikuwa kakaa anachambua mlenda. Akauliza, "Kwani ngozi imekufa? Mpini wa shoka tunaufunga na nini?" Fundi akaacha kuimba. Kulikuwa na ng'ombe kachinjwa kwa msiba upande wa pili wa kijiji, wakaletewa kipande cha ngozi mbichi. Bibi akakikata kamba ndefu moja kwa kuzunguka, akailoweka, fundi akaizungushia springi huku baba anavuta kwa miguu yote miwili. Jua la kiangazi na ule upepo wetu wa Singida unaochubua midomo vikafanya kazi. Ngozi ikakaza, ukiigonga inalia kama ngoma. Baba akalijaribu gari: likaondoka limetulia, pua juu, kama jogoo. Tulishangilia mpaka mbwa wakakimbia.

Sasa sikiliza ujinga wa mwanamume. Asubuhi ya mnada, baba akaona hawezi kwenda mbele za watu na gari lenye vumbi. Akalipeleka kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe akaliosha. Lote, mpaka chini! Akarudi anapiga honi, gari linametameta, na ngozi imelainika kama utumbo.

Bibi aliinama kuchungulia, akaishika ile kamba kwa vidole viwili, akainuka. "Hivi wewe," akamwambia baba, "nilikuzaa mimi au nilikuokota?"

Fundi akainua gari kwa jeki, akatoa tairi za nyuma ili upepo upite. Sisi watoto tukapewa nyungo. Pepea! Mikono iliniuma, pumba zinaniingia machoni, nanusa ngozi na dizeli, na kila nikigeuka namwona yule ng'ombe amefungwa kwenye kigingi, anacheua tu, hajui kinachoendelea. Mara tukasikia honi. Jirani kaja kumpitia baba waongozane.

Hapo ndipo nilipomjua mama yangu. Alitoka jikoni anatabasamu, mikono anaifuta kwenye khanga. "Shemeji! Leo siku kubwa namna hii upite kwangu na njaa? Watu watanionaje?" Jirani akasema ana haraka. Mama akasema ugali uko tayari. Haukuwa tayari, hata maji hayajachemka. Lakini kwetu nani anakataa chakula cha shemeji? Akakaa. Akaletewa maji ya kunawa, akanawa, akangoja. Ukaja ugali wa uwele, ukaja mlenda wa karanga, ukaja kuku ambaye ndiyo kwanza alikuwa anakimbizwa. Kisha kibuyu cha maziwa ya mgando. "Kunywa shemeji, ni ya huyo huyo unayemtaka, umwonje kabisa." Akanywa. Akaongezwa. Jua likapanda na kuanza kushuka. Huku nyuma ya nyumba sisi tunapepea.

Fundi alipoigonga ngozi ikalia, tairi zikarudishwa, mama akasema, "Haya, msichelewe."

Mbugani udongo ulikuwa umekauka umekuwa kama sakafu. Walichora mstari wa majivu, mzee mmoja akaangusha kofia. Gari jeupe likaruka, likachimba, likaruka tena, vumbi tupu. La baba likanyanyua pua likaenda moja kwa moja. Mimi nilifumba macho. Niliyafumbua niliposikia bibi anapiga vigelegele, na mama kakaa chini kabisa, kwenye vumbi, na mtoto mgongoni, analia huku anacheka.

Jirani alikuja anashika tumbo. "Shemeji, umenilisha mpaka nimeshindwa!"

"Karibu tena," mama akamjibu.

Dume lililetwa kesho yake, kaidi, likavunja ua siku hiyo hiyo. Mama alimwambia baba hilo ndilo lake, akacheze nalo. Ng'ombe mwekundu asimtaje tena kilabuni. Na hakumtaja.

Leo mbuga ile imelimwa alizeti, mgunga ulikatwa kuni, wazazi wangu wamelala wote wawili, fundi sijui aliishia wapi. Kamba ya ngozi ukiitafuta pale kijijini utaletewa ya nailoni. Mdogo wangu sasa ni mwanamume wa kuinama mlangoni. Na ng'ombe mwekundu alizaa, akazaa tena, akazeeka hadi meno yakaisha, mama akawa anamkatia majani laini. Alikufa kwa uzee, zizini kwetu.