Nuksi ya Marobota

Juzi alasiri timu ya taifa ilipata penalti, na hapa nyumbani kwangu Bariadi hakuna aliyemwangalia mpigaji. Wote waliniangalia mimi. Mume wangu akakohoa kidogo, kile kikohozi cha mtu mwenye ombi. Binti yangu mkubwa akasema kuku hawajapewa maji. Kitinda mimba, ambaye bado hajajifunza kuzungukazunguka maneno, akasema, "Mama, toka tufunge." Basi nikajifunga khanga nikatoka uani. Sikununa. Kuku wenyewe walikuwa wamekunywa maji hadi wameyachoka.

Nisikufiche, mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne wametawanyika kama mbegu, na wengine wananipigia simu kutoka miji nisiyoweza kuitamka. Mimi safari yangu ndefu ni kutoka sebuleni hadi bombani. Lakini usidhani nilizaliwa hivi. Nilifanywa. Nilifanywa mtu wa nyumbani kwa uamuzi halali wa kikao, nikiwa darasa la nne kule Kasoli, kwa sababu ya mpira.

Nililelewa na bibi, mama yake mama. Nyumba yake ilikuwa pembeni ya kijiji, na nyuma yake kulikuwa na jiwe kubwa la mviringo, yale mawe yetu yanayokaa kama ng'ombe waliolala. Ukipanda juu yake uliona uwanja wote wa mpira kule bondeni, na ghala la pamba kando yake. Msimu wa pamba kila kitu kilikuwa cheupe: chanja nyeupe, barabara nyeupe kwa nyuzi zilizodondoka kwenye malori, hata nywele zetu. Tulikula matobolwa asubuhi, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa hadi vikawa vigumu kama mpira wa tairi, na ukitafuna kipande kimoja kinakufikisha shuleni bado kiko shavuni. Mchana ugali na mlenda. Jioni, mpira.

Timu yetu iliitwa Marobota, kwa kuwa wachezaji wengi walikuwa wapakiaji, vijana wa kubeba marobota ya pamba. Mgongo walikuwa nao. Miguu, inategemea siku. Na hapo ndipo yalipokuwa mateso. Timu mbovu siku zote haina shida, unaizoea kama goti bovu. Timu nzuri nayo unaizoea, unakuwa na majivuno basi. Sisi tulipewa ya aina ya tatu. Marobota waliweza kuwafunga watu wa Bariadi mjini, watu wenye viatu vya njumu na kocha mwenye saa, tukarudi nyumbani tumekaukiwa sauti. Jumapili iliyofuata wanafungwa na vijana wa sekondari ambao hata ndevu hazijaota. Kipa wetu aliweza kuruka kama mwewe kudaka mpira wa kona, watu wakavua kofia. Dakika hiyohiyo anauacha mpira mwepesi upite katikati ya miguu yake, taratibu, kama anampisha mbuzi.

Bibi hakuwahi kukanyaga uwanjani, lakini alikuwa na neno lake. "Timu yenu ni kama yule maksai wangu mwekundu," alikuwa akisema. "Leo analima mpaka unamwonea huruma. Kesho analala kwenye mtaro na nira shingoni."

Ungedhani watu wangeacha kwenda. Nani aache? Timu ya hivyo inakushika kuliko timu ya kushinda kila siku, maana hujui leo ni leo ipi. Mimi nilikuwa wa kwanza kufika. Nilikaa kwenye mstari wa majivu, karibu kabisa, hadi jasho la winga lilinidondokea. Nilipiga kelele kwa Kiswahili, zikiniishia nahamia Kisukuma.

Sasa, kila timu ya mpira nchini ina kocha wa kufundisha, na ina kamati ya ufundi ya kushughulikia mambo ambayo kocha hayaoni. Kocha wetu alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa Tanga, aliyeletwa kwetu na serikali akajikuta ameletwa kwa Marobota pia. Mwenyekiti wa kamati ya ufundi alikuwa jirani yetu, mkulima mwenye kofia ya pama, mpole sana, na mambo yake alikuwa akiyafanya kwa kuinama golini kabla ya mechi kama mtu aliyedondosha sindano.

Tulipofungwa na wale wa sekondari, jirani alikaa akatafakari. Alichunguza kila kitu: mlango gani wachezaji walitokea, nani alisalimiana na nani njiani. Mwisho akaja kwa bibi jioni, akaamkia, akakalishwa kwenye kigoda, akazunguka kwenye habari za mvua na bei ya mbegu. Kisha akasema kilichomleta. Siku nilipolala na malaria, Marobota walishinda. Siku nilipokuwa nafukuza ndege kwenye mtama, walishinda. Siku nilipotumwa mashineni kusaga, walishinda, tena ugenini. Na zile zote nilizokaa mstarini, je? Mimi mwenyewe nilikuwa shahidi.

Bibi akauliza kwa hiyo mtoto amekosa nini. Jirani akasema hajakosa kitu, ni macho tu, kuna macho mazito. Akanitolea muwa kutoka kwenye baiskeli yake, mrefu kuliko mimi, akasema kwa upole wa kweli, akiniita mama kwa Kisukuma chetu, "Mayu, wewe tupende ukiwa nyumbani."

Niliutafuna ule muwa huku nalia. Mtamu, na mimi nalia.

Nikamfuata mwalimu shuleni, nikidhani mtu wa hesabu atanitetea. Na alinitetea hasa. Alisema mbele ya darasa zima kwamba mpira unachezwa kwa miguu, macho ya mtazamaji hayana uzito wowote, na anayeamini mambo ya nuksi arudi darasa la kwanza. Nikakaa nimenyooka kama rula. Lakini kijijini habari ilikuwa imekwishatembea. Nikionekana njiani kuelekea bondeni siku ya mechi, watu wazima walinikumbuka kwa kazi: katazame mbuzi, kachote maji. Na Marobota, kama vile wanafanya makusudi, wakaanza kushinda. Wakashinda hadi wakaingia fainali ya kugombea dume la ng'ombe, dhidi ya Lagangabilili, hapohapo kwetu Kasoli.

Wiki ile hakuna aliyelala vizuri. Lile dume lilifungwa chini ya kivuli cha ghala, jeusi, lenye nundu, na watoto tulikwenda kulitazama kama mgeni wa serikali. Golini ziliwekwa nyavu kwa mara ya kwanza, nyavu za kuvulia zilizoazimwa Lamadi, bado zina magamba ya dagaa, na paka wote wa kijiji wakahamia uwanjani. Hata mnunuzi wa kuku kutoka Lagangabilili, aliyekuwa akipita kwetu na matenga kwenye baiskeli, alikuwa amesikia habari zangu. Aliniita pembeni akaniambia kwa siri, "Wewe njoo tu, mayu. Soda yako ipo, na mbele kabisa unakaa."

Fikiria. Kwetu nilikuwa nafukuzwa, na kwa adui nina kiti na soda. Sitasema sikuiwaza ile soda. Niliiwaza hadi gesi yake nikaisikia puani. Lakini nilichokuwa nakitaka hakikuwa soda. Nilitaka kitu kimoja tu: kuwaona Marobota wakishinda, kwa macho yangu haya mazito, mara moja.

Siku yenyewe, jua limeanza kulegea, nani anabisha hodi? Mwalimu. Amevaa suruali ya michezo na filimbi shingoni. Alimwamkia bibi, akasifu uani palivyofagiwa, akaomba maji ya kunywa, akayanywa polepole. Kisha akanitazama, akatazama kata.

"Mwanangu, leo hutoki, siyo?"

Nikasema sitoki. Akasema hapa pana utulivu, pazuri kwa mtu kushinda. Akarudisha kata akaondoka haraka, na bibi akacheka hadi akashika ukuta.

Tukakaa chini ya chanja tunachambua pamba, safi huku, fifi, ile yenye madoa, kule. Bibi alinikalisha nimelipa jiwe mgongo. Nilikuwa nimejifunza kusikiliza mechi kama watu wanavyosikiliza mvua inayokuja. Filimbi ikalia. Kelele zikapanda, zikashuka, zikapanda. Kisha kimya, na ndani ya kile kimya kengele za baiskeli, nyingi, zote pamoja. Wageni ndio waliokuja na baiskeli. Tumefungwa. Nikaanza kuweka pamba fifi kwenye safi, na bibi akawa anazihamisha.

Baadaye sana vikaja vigelegele. Vilianza upande wa ghala vikazunguka bonde lote, na vumbi likapanda juu ya miti kama moshi wa shamba. Tumesawazisha: moja, moja. Nilisimama, bibi akanikalisha. Halafu yeye mwenyewe akasimama. Akatazama jiwe. Akasema anakwenda kuangalia kama mbuzi wake wameingia kwenye pamba ya watu, na mbuzi wake walikuwa wamefungwa mbele yetu. Akakaza kitenge, akavua ndala, akapanda jiwe kwa magoti na mikono, bibi yangu ambaye hata kupanda kitandani alikuwa analalamika.

Hapo ndipo nilipopata utangazaji ambao redio haijawahi kunipa tena. Bibi hakujua neno hata moja la mpira, ila alikuwa amekulia machungani.

"Wenye nguo nyeupe ndio wetu?"

"Ndiyo, bibi."

"Wanateremka. Mmoja ana ndama pembeni, anamswaga. Wachungaji wawili wanamfuata. Amewapita. Amewapita, mayu, huyu kijana wa nani? Loo, wamemnyang'anya. Sasa ndama yuko kwetu. Mlinda zizi amelala. Ameamka. Amemkamata."

Nilikuwa nimekaa chini nimekumbatia magoti, na tabasamu hadi masikioni. Mara filimbi ndefu.

"Bibi, kuna nini?"

"Mwenye filimbi amenyoosha kidole. Watu wote wamefukuzwa. Wamemwachia mmoja wetu ndama, peke yake, mbele ya zizi la wenyewe."

Penalti. Nikamwambia ni penalti, na muda ulikuwa umekwisha, kivuli cha jiwe kilikuwa kimefika mlangoni. Hii ndiyo itakayoamua. Bibi akanitazama kutoka juu, muda mrefu kuliko nilivyotaka.

"Panda," akasema. "Wakikosa, watakuwa wamekosa kwa miguu yao. Mimi mambo ya nuksi siyaamini."

Sijui nilipandaje. Nilifika juu nikaona bonde lote, watu kama mchele uliomwagika, dume jeusi kivulini, na kijana mmoja wa jezi nyeupe anarudi nyuma hatua kwa hatua. Akaanza kukimbia. Na papo hapo bibi, asiyeamini mambo ya nuksi, akaniziba macho kwa kiganja chake chote.

Kiganja kilinukia tumbaku na mbegu za pamba. Lakini vidole vya bibi vilikuwa vimepinda kwa kuchuma pamba miaka yote ile, na kati ya kidole cha pili na cha tatu kulikuwa na upenyo. Katika upenyo ule niliona nyavu za Lamadi zikijaa kama zimenasa sangara.

Nilimwona bibi anaruka juu ya jiwe. Tuliruka wote. Sikumwambia nilichokiona, na yeye hakuniuliza. Jioni jirani alileta ini la lile dume, limefungwa kwenye jani la mgomba, zawadi ya kamati kwa utulivu wangu. Lilikuwa tamu ajabu. Jumapili iliyofuata Marobota walifungwa nne bila na timu ya walimu, wengine wamevaa suruali za kitambaa, na mimi nilikuwa kitandani na homa. Jirani alikuja kunijulia hali. Aliinama sikioni akauliza kama nilichungulia dirishani.

Marobota hawapo tena. Vijana walikwenda mijini, wengine machimboni, na mara ya mwisho nilipopita Kasoli magoli yalikuwa yameng'olewa, mahindi yamepandwa hadi kwenye duara la kati. Mwalimu alihamishwa, jirani alifariki na kofia yake. Bibi naye tulimzika upande ule wa jiwe, amelitazama bonde. Jiwe lipo. Nililipanda, na nikagundua ni fupi tu.

Kwa hiyo naujua ukweli kwamba macho yangu hayana uzito. Nimeujua tangu darasa la nne. Sijawahi kuwaambia hawa wa nyumbani kwangu, na sidhani kama nitawaambia. Maana pale uani, nimelipa dirisha mgongo, kelele zikipanda na kushuka kwenye nyumba za majirani, ndipo mahali pekee palipobaki ambapo bibi yangu anapanda jiwe.

Juzi nilisimama hapo, nikafumba macho, nikasubiri. Mtaa ukanyamaza. Kitinda mimba wangu, niliyemfundisha mwenyewe kutangaza, akatokeza kichwa mlangoni.

"Mama, wamemwachia ndama peke yake."

"Mlinda zizi je?"

"Amesimama. Anatikisa mikono." Akageuka ndani, na mtaa mzima ukalipuka kabla hajanirudia, mbio, miguu peku. "Ameingia, mama! Ndama ameingia!"

Nikamnyanyua, nikamzungusha, kuku wakatawanyika uani kote.