Ukoo wa Kuzungusha

Niliandika programu ya kuchora ukoo wetu ili vijana wajue nani ni ndugu kabla hawajaanza kupendana. Kila mtu ni mpira mdogo unaoelea kwenye skrini, nyuzi zikimuunganisha na jamaa zake, na mwenye nyuzi nyingi mpira wake hukua. Ukivuta kwa kipanya, ukoo wote unazunguka. Hauna mbele wala nyuma. Hilo nililieleza polepole, kama kwa watoto wa nasari.

Kazi bure. Kwenye mkutano wa familia nyumbani Awasi, baba zangu wadogo, watu wazima wenye vitambi na vyeo vya kanisa, walinyang'anyana kipanya, kila mmoja akizungusha ukoo mpaka mpira wake ukae mbele. Hakuna aliyeuliza mwanawe anamchumbia nani.

Wa mwisho, mwenye sauti kubwa kuliko wote, alikwama. Kila akizungusha, mpira mmoja mkubwa ulimfunika.

"Toa hii," akaniamuru. "Inaniziba."

Nikamwambia huyo ni mama yake mzazi.

Akanirudishia kipanya.

"Basi mpunguze kidogo."