Awasemea wabaya sita, aogopa punje ya kahawa

Saa tisa na robo alasiri, Jumapili. Kwenye runinga ya banda la video la Burhani, nyuma ya soko la Bukoba, kichwa cha jenerali kinabingirika ngazi kwa ngazi mpaka miguuni pa jitu lenye meno mapana kama jembe. Jitu linakiokota na kukigeuza uso.

"Shikamoo, mzee," linasema kwa adabu.

"Marahaba!" wanaitikia watazamaji sabini kwa pamoja. Ndipo jitu linapokitafuna kichwa, na banda zima linaangua kicheko.

Salamu hiyo haimo kwenye filamu. Ameiweka Aristides Mwesiga, 49, mtafsiri wa sinema, aliyeketi juu ya kreti la soda kando ya runinga, kipaza sauti mkononi, taulo shingoni. Kwa Kiingereza jitu lilikuwa limeporomosha tusi zito.

"Humu wanaingia watu waliotoka ibadani," anaeleza baadaye. "Kuua nawaachia, maana picha siwezi kuifuta. Lakini tusi linapita kwangu kwanza, na kwangu halipiti."

Filamu ni ya mashujaa, ila mashujaa wenyewe ni wafungwa sita walioshindikana. Yupo mzee anayetuma nyuki, yupo mama ambaye mkono wake ukikatwa unaendelea kupigana peke yake, na jitu hilo mla watu ambalo likifokewa linalia. Serikali inawatoa gerezani kwenda kwenye kazi ambayo hakuna mtu mwema anayeitaka. Atakayerudi hai atapunguziwa kifungo. Aristides anawasemea wote sita, pamoja na nyuki.

Kiingilio ni shilingi mia tano. Yeye hulipwa elfu kumi na mbili kwa onyesho, na siku za gulio huenda Muleba, ambako wakati mwingine hulipwa kwa mkungu wa ndizi. Kiingereza chake, anakiri bila haya, ni cha kuungaunga. "Nusu naelewa, nusu natazama macho. Mtu anayedanganya, macho yake hayana lugha."

Burhani, mwenye banda, anasema filamu hiyo iko wiki ya tatu na watu hawajaichoka. "Nawauliza, mbona mmeshaiona? Wananiambia, tumekuja kumsikiliza Ari."

Kuna mahali katikati ya filamu ambapo askari magereza anawaambia wale sita kwamba wao si watu, ni namba. Kwa Kiingereza mzee wa nyuki anacheka tu. Kwa Kiswahili cha Aristides anajibu polepole: "Nina jina. Mama yangu alinipa kabla wewe hujanipa namba." Wenyeji wanajua anayesema ni nani.

Mwaka 2011 Aristides alikuwa kibarua wa kuanika kahawa kwa mkulima wa Kanazi, Ta Ishengoma (“Ta” ni heshima ya Kihaya kwa mwanamume), mzee aliyemwamini hata akamwachia ufunguo wa stoo. Akaiba magunia saba. Alikamatwa bandarini Kemondo akitafuta boti ya kuyavusha, lakini matano yalikwisha kuuzwa.

"Siku za mwizi ni arobaini," anasema na kucheka kidogo. "Zangu zilikuwa tatu. Hata wizi niliufeli."

Alifungwa miaka mitatu na miezi minne. Ndani hakukuwa na runinga, basi akawa anawasimulia wenzake filamu alizowahi kuona, sauti zote akizitoa mwenyewe. Filamu moja aliweza kuivuta wiki mbili. Ufundi wake ulianzia hapo, na hilo halifichi.

Kinachomkosesha usingizi ni jambo jingine. Binti yake Hellen, muuguzi huko Muleba, amepata mchumba, mwalimu mpole aitwaye Avit. Walipendana miezi minane kabla ya kuulizana vizuri habari za kwao. Avit ni mtoto wa mwisho wa Ta Ishengoma. Yale magunia saba yalikuwa ada yake ya kidato cha kwanza, na mwaka ule alikaa nyumbani akichunga mbuzi.

Jumamosi ijayo wazee wa Kanazi wanakuja kuposa. Kwa Wahaya mgeni hupokelewa kwa akamwani, kahawa ya kutafuna, na siku hiyo baba wa binti atakishika kikapu mwenyewe. Mgeni asipochukua punje, hakuna mazungumzo. Kwa hiyo Aristides atasimama mbele ya mzee yule na kumkaribisha, kati ya vitu vyote vilivyoko duniani, kahawa.

"Baba amepungua," anasema Hellen. "Mimi simlaumu. Lakini Avit nampenda, na mzee akikataa punje ile, siwezi kumtaka Avit avuke neno la baba yake."

Nyumbani kwake Kanazi, Ta Ishengoma, 77, anamsikiliza mwandishi mpaka mwisho huku akifuta miwani. Anasema mwanawe alishasamehe zamani, na hilo ni la mwanawe.

"Mimi mahakamani nilimsikia akisema si yeye. Alipotoka, hakuja. Nasikia siku hizi anasemea watu sita. Mimi sijamsikia akijisemea yeye." Anaivaa miwani. "Nitakwenda, waitu," anasema, kwa neno la heshima la Kihaya. "Kutafuna ni habari nyingine. Meno ni yangu."

Maneno hayo yalipomfikia, Aristides aliyakubali. Ni kweli hakwenda. Miaka kumi na moja amekuwa akipita njia ya nyuma kila afikapo Kanazi, kwa aibu. Sasa anafanya mazoezi bandani kabla watu hawajaingia. Amejaribu sauti ya mzee wa nyuki, ikatoka na kiburi. Amejaribu ya jitu, akajicheka. Ya kwake haifiki mwisho wa sentensi.

"Ni maneno machache tu," anasema, na machozi yanamlengalenga. "Ta Ishengoma, nilikuibia, nisamehe. Basi. Hayana hata Kiingereza cha kunisumbua."

Kahawa yenyewe ameshanunua sokoni kwa Klaudia, anayeiuza ikiwa imefungwa kwenye majani makavu ya migomba. "Aliniomba risiti," anasema Klaudia, bado akishangaa. "Nauza akamwani mwaka wa ishirini huu, hakuna aliyewahi kuniomba risiti! Ikabidi nichane daftari."

Aristides anaitoa karatasi hiyo mfukoni mwa shati, karibu na moyo, anaikunjua, kisha anaikunja tena vilevile. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu: kahawa ya kutafuna, imelipwa.

"Nitaomba msamaha kwanza," anasema. "Halafu akiniuliza hii nimeitoa wapi, nitamwonyesha."